Sauti ya Mugenzi

Haya yalimpata rafiki yangu Castory, kiongozi wa kikosi cha wachezaji katika mchezo mmoja wa mtandaoni. Ghala la kikosi walikuwa wakilifungua watu wawili tu, yeye na naibu wake Mugenzi, na silaha zilikuwa zinapotea. Jioni moja ya mvua akamfuata Mugenzi nyumbani kwake Kagugu. Umeme ulikuwa umekatika.

"Sha, ndugu yangu, mimi sijacheza tangu kompyuta iharibike," Mugenzi alisema gizani, akimmiminia chai.

Castory hakumwamini. Akawasha simu, akaingia kwenye chumba cha maongezi cha kikosi. Sauti ya Mugenzi ilikuwemo, ikiwapanga wachezaji kwa vita. Mugenzi mwenyewe alikuwa mbele yake, amefumba mdomo.

Nyuma ya ile sauti, mvua ilipiga mabati, na kijiko kikakoroga kikombe taratibu. Ndipo Mugenzi akachukua kijiko chake, akakoroga chai vilevile.

"Zima hiyo simu," alisema.

Kabla Castory hajaizima, kwenye simu kiti kilianguka kwa kishindo, na mtu akapiga yowe kwa sauti ya Castory. Pale sebuleni Castory alikuwa bado ameketi kitini, hajafungua mdomo.