Kusuuza Mara Tatu

Chupa namba saba ilikuwa imejaa tena. Émerance Kambale aliimwaga mwenyewe Ijumaa mchana, pale maabara ya chuo, Kasapa, akaigeuza kichwa chini ikauke. Jumatatu saa nne asubuhi akaikuta imesimama wima kwenye rafu, maji hadi shingoni, kifuniko kimekazwa. Akadhani wenzake wanamchezea. Mtu akishafanya jambo la aibu, hupenda kuamini kwamba kila kitu ni utani wa watu.

Na aibu ilikuwepo, tusifichane. Miezi mitatu kabla, Émerance, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa kemia ya mazingira, alikwenda kuchota maji ya kupima kwenye kisima kimoja cha bondeni, nyuma ya Katuba, chini ya kiwanda cha kuoshea madini. Watu wa kemia wana kanuni yao: chupa husuuzwa kwa maji yaleyale mara tatu, unamwaga kila mara, ndipo unaijaza. Profesa Kataliko, msimamizi wake, aliwaimbia wanafunzi kanuni hiyo mpaka wakaiota usingizini.

Basi akasuuza chupa namba saba, akamwaga chini. Wanawake waliopanga ndoo zao wakatabasamu, kwa sababu pale kila anayechota humwagia mwenye kisima, yaani mzimu wa mle majini, maji ya kwanza. Akamwaga mara ya pili, wakaacha kuzungumza. Mara ya tatu Mama Chileshe, anayetunza kisima, akamsogelea.

"Mutoto, unajua kintu unafanya?"

"Ndiyo, mama. Njo vile banatufundishaka."

"Muzuri." Mama Chileshe akamvuta mjukuu wake, akaonyesha vidonda vilivyojaa mikononi mwa mtoto. "Basi ile utaona mu hii mayi, utaisema."

"Nitaisema, mama."

Alijibu hivihivi tu, kama mtu anayejibu salamu.

Mashine ikasoma kobalti: miligramu kumi na nne kwa lita. Maji ya namna hiyo humpi hata mbuzi. Émerance akakimbilia ofisini kwa Kataliko, na Kataliko akafunga mlango.

"Ma fille, mutoto yangu, hii mashine inatoka wapi? Shi ni kile kiwanda kilitupatia." Alikuwa mtu wa kwao, wa Butembo, rafiki wa baba yake, na alisema kwa upole kabisa. "Weka mayi ya robinet mu namba saba, upime tena. Unataka kumaliza masomo, ao unataka nini?"

Akaweka maji ya bomba. Jibu likawa sifuri nukta sifuri mbili, likaandikwa katika mémoire, kile kitabu chake cha kumalizia masomo, na barua yenye muhuri ikapelekwa mtaani kwamba kisima ni salama. Watu wakaendelea kunywa. Kataliko alikuwa mwovu, sawa, lakini mkono uliofungua bomba ulikuwa wa Émerance, na mimi simtetei.

Sasa turudi kwenye chupa. Jumatatu ile aliimwaga tena, Jumanne ikawa imejaa. Jumatano akaikatakata kwa kisu, maana ilikuwa ya plastiki, vipande akavitupa jaani nyuma ya maabara. Alhamisi ilikuwa juu ya rafu, nzima, ina mwandiko wake mwenyewe, na chumba kizima kinanuka udongo uliolowa na kutu.

Ijumaa adhuhuri alikuwa akijizoeza kusoma kazi yake mbele ya rafiki yake Syntiche, jua limejaa madirishani. Alipofika kwenye kobalti, akasema "sifuri nukta," na sauti ikakatika. Akarudia, ikakatika palepale. Akanywa chai, akarudia mara ya tatu, na sasa mdomo ulikuwa na ladha ya sarafu, na mabomba yote ya maabara, ambayo Syntiche alikuwa ameyakaza kwa mkono wake, yakaanza kusikika yakidondosha, to, to, to, ila masinki yalikuwa makavu, na wasichana wawili wakazunguka meza kwa meza wakitafuta tone liko wapi, wakiinama, wakitega sikio, mpaka Syntiche akasimama mbele ya mwenzake na kuelewa kwamba sauti ile ilikuwa inatoka ndani ya koo la Émerance.

"Usiseme kintu," Syntiche akanong'ona. "Kidevu yako. Jifute."

Maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya kijani ya shaba iliyopata kutu.

Kufikia Jumapili hakuwa na sauti ila mnong'ono. Soutenance, siku ya kutetea kazi yake mbele ya jopo, ilikuwa Jumanne. Akamnong'oneza Syntiche habari yote ya kisima, na Syntiche akamshika mkono wakaenda kwa Mama Chileshe, wakamkuta ameketi mlangoni, ile barua yenye muhuri ameikunja kwenye pindo la kitenge.

"Mujukuu iko wapi?" Syntiche akauliza.

"Tulimuzika juma iliyopita." Mama Chileshe hakulia. Alimtazama Émerance, na chuki ilikuwa usoni waziwazi. "Kumwanga mara moya ni kulomba. Mara mbili ni kushukuru. Mara tatu ni kuapa. Uliapa utasema, kisha ukameza. Mwenye kisima anakuja kutafuta ile sauti ulimunyima. Ataimaliza yote, utabaki bubu mpaka kaburi."

Émerance akapiga magoti. "Nifanye nini, mama?" Ulikuwa mnong'ono tu.

"Usiniletee kuku. Sema ile namba mbele ya bantu, pale ulipangaka kusema bongo, ile uwongo yako. Atakuacha." Mama Chileshe akasimama, akaingia ndani. "Lakini atatoka na njala. Na anamujua ule alikutuma."

Jumanne saa tano ukumbi ulijaa. Ndugu walikuja na maua, mama yake Émerance amevaa kitenge kipya. Kataliko alikuwa kwenye meza ya jopo, akitabasamu. Binti akasoma kwa mnong'ono ukurasa kwa ukurasa, watu wakidhani ni woga. Akafika kwenye namba saba. Alijua kwamba akisema, kitabu chake kinatupwa na miaka mitano ya masomo inakwenda na maji. Alimwona mama yake amekaa mstari wa mbele.

"Kumi na nne," akasema, na sauti ikatoka nzima, kubwa, mpaka wa nyuma wakainua vichwa. "Ile iliyoandikwa kitabuni ilikuwa ya maji ya bomba. Niliyabadilisha mimi, kwa agizo la profesa wangu. Kisima kile ni sumu, na mtoto amekufa."

Kataliko akaruka kutoka kitini. "Bongo! Ni sifuri nukta," akaanza, na hapo sauti ikakatika, akashika meza, akajaribu tena, na badala ya neno kikasikika kitu kikidondoka, to, to, kisha harufu ya udongo na kutu ikapanda ukumbini mpaka wanawake wakaziba pua kwa vitenge, naye akafungua kinywa kama anayetaka kupiga kelele, na maji ya kijani yakamtiririka juu ya tai, juu ya karatasi, juu ya ile sifuri yake, hayakukoma hata walipomlaza chini.

Émerance hakupewa shahada mwaka ule. Alirudia kazi yote, akaimaliza bila msimamizi wa kwao. Kisima kilifungwa. Kiwanda bado kinaosha madini.

Mwezi uliopita mke wa Kataliko, Madeleine, aliingia maabara akatoa chupa ndogo kwenye mkoba. "Kila asubuhi mudomo ya papa, bwana yangu, inatoa mayi. Minakingaka na beseni. Pima, mutoto yangu, lakini jibu ibaki yetu sisi wawili. Jina ya papa inaharibika."

Émerance akapima. Kumi na nne.

"Mama, chupa ulisafisha namna gani?"

"Muzuri kabisa. Nilisuuza na ile mayi yake mara tatu, nikamwanga mu kiwanja. Njo vile papa alifundishaka."

Émerance akaweka kalamu chini. "Basi hii namba utaisema, mama. Mbele ya bantu."

"Mi? Apana. Sitaambia muntu."

Sauti yake ilikatika kwenye neno la mwisho. Akakohoa, akajipapasa koo, akaomba maji ya kunywa.