Gumba la Ishbel

Rafiki yangu Ishbel alinisimulia haya mwenyewe, akilia.

Mumewe, Torquil, alikuwa akitunza mizinga ya vita ya kale kwenye ngome yetu hapa Uskoti. Kila Jumamosi alisukuma brashi ndani ya mtutu, naye Ishbel akaziba kitundu cha nyuma kwa kidole gumba, kama wapiga mizinga wa zamani, hewa isipite ikachochea cheche na kulipua baruti.

"Ukikitoa tu, mke wangu, nimelipuka," Torquil alimtania.

Alizikwa Novemba. Wiki iliyofuata Ishbel akapanda kwenye jukwaa la mizinga kuchukua glavu za marehemu. Saa kumi na moja jioni, giza la majira ya baridi lilikuwa limeshatanda.

"Fanya haraka, mama, nafunga!" akaita Murdo, mlinzi.

Kwa mazoea tu, Ishbel akaweka gumba kwenye kitundu cha mzinga. "Haya, Torquil. Nimeziba."

Ndani ya chuma kukasikika shwaa, shwaa ya brashi. Hewa ikamsukuma gumba, taratibu, kama zamani.

Murdo akaja na tochi, akamulika mdomo wa mzinga. Kizibo cha mbao kilikuwa mahali pake, kufuli lake limeganda barafu.

"Twende, mama."

"Nikikitoa kidole je, Murdo?"

Na hewa ikazidi kusukuma.