Kikombe cha Bwana Mdogo

"Sindano, Sindano. Hapa Kabati."

Muuguzi alizima jiko la kuchemshia mabomba ya sindano, akainamia redio iliyofichwa chini ya shuka safi.

"Sema, Kabati."

"Mgonjwa mmoja wodini kwako ni mtu wa adui. Ana bomu ndani ya plasta ya mguu. Anataka kuliacha kwenye treni ya majeruhi alasiri hii."

"Sura yake?"

"Hatuijui. Ukimpata, vuta pazia la dirisha lililo karibu naye. Watu wangu wako bustanini."

Redio ikakatika.

Alichomeka bastola yake ya Webley chini ya aproni, akabeba sinia la chai. Wenye plasta mguuni walikuwa kibao, na wote walijiita askari wa miguu. Ukianza kuwapekua, mwenye bomu atalilipua palepale. Basi akagawa chai, akawatania huyu na yule, macho yakifanya kazi nyingine.

Kwenye kitanda cha dirishani alilala mtu aliyefungwa bendeji uso mzima. Vilibaki jicho moja na mdomo. Akamaliza chai yake, akanyoosha mkono pembeni bila kutazama.

Akakiachia kikombe.

Muuguzi akakidaka kabla hajafikiri.

Askari wa miguu huweka kikombe chake chini mwenyewe. Anayekiachia hewani amelelewa akijua kuna mkono wa mtumishi unasubiri. Na mkono uliosubiri, miaka yote ile katika nyumba kubwa, ulikuwa wake yeye, binti wa dobi. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na yake na mwana wa nyumba ile yalijulikana. Bibi mwenye nyumba akawafukuza yeye na mama yake siku hiyohiyo.

"Bwana Mdogo," alinong'ona.

Jicho likajaa machozi. "Ni wewe. Nani mwingine anadaka hivyo?"

Mdomo wa Webley ya muuguzi ukamgusa ubavuni, chini ya blanketi.

"Mikono juu ya shuka. Niione."

Akaitoa mikono taratibu. "Walionituma wameahidi kuturudishia mashamba yetu. Niache nipande treni. Nitashuka kituo cha kwanza, plasta itabaki humo. Vita vikiisha nakuoa. Naapa."

"Na watakaokuwa ndani?"

"Si askari wa miguu tu, mpenzi?"

"Ni watoto wa madobi hao."

Akafumba jicho. "Mama ndiye aliyekufukuza. Si mimi."

"Ulikuwepo mezani. Ulikuwa unakunywa chai."

Na muuguzi bado alimpenda, tusidanganyane. Alimpenda kwa moyo uleule wa kijinga wa msichana aliyekuwa akimpigia pasi mashati na kuyanusa. Angeweza kugeuka tu, aende kitanda cha pili. Nani angejua?

Kutoka kitanda hicho cha pili kijana mmoja alikohoa, akauliza kama treni itafika kwao kabla ya giza.

"Itafika," muuguzi alisema.

Akavuta pazia.

Wanne waliingia kimyakimya. Wawili walimshika mikono. Fundi wa mabomu akapasua plasta kwa mkasi, akakata waya mmoja, akajifuta jasho.

"Safi," alisema.

Chini ya plasta mguu ulikuwa mzima, mweupe kwa vumbi la chokaa. Wakamsimamisha. Msaliti wakati wa vita hupigwa risasi, na kila mtu mle ndani alilijua hilo.

"Naomba maji," alisema.

Muuguzi akamletea kwenye kikombe kilekile. Walimwachia mkono mmoja. Akanywa polepole mpaka tone la mwisho, akimtazama. Kisha akanyoosha mkono pembeni, kama siku zote, akakiachia.

Mikono ya muuguzi ilikuwa mfukoni.

Kikombe kikapasuka sakafuni. Bwana Mdogo akavitazama vipande kwa mshangao, na hapo ndipo alipoanza kulia kwa sauti.

"Dada, hivi vigae?" aliuliza mmoja wa wale wanne.

"Atafagia mwingine."

Akachukua sinia lake, akatoka kwa mwendo uleule wa kila siku. Machozi aliyaacha yamtiririke. Nyuma ya kilima, treni ilipiga honi.