Hodi Njiani

Ndanu ana miaka sita. Ana sauti kubwa, na anajua hivyo.

Asubuhi moja alipanda nyuma ya baiskeli ya umeme. Akamshika shangazi yake kiunoni, kama gando la kaa.

Shangazi ni Anti Kavata. Amesoma mpaka vitabu vikachoka. Halafu akatafuta kazi miaka mitatu.

"Miaka mitatu, Ndanu. Kila ofisi, 'tutakupigia.' Na simu kimya kama jiwe."

Leo ni siku yake ya kwanza kazini, kwenye maktaba iliyo karibu na shule ya Ndanu. Lazima afike kabla ya saa mbili. Akichelewa, kazi atapewa mwingine.

"Umekaa sawa?"

"Nimekaa, Anti."

Zzzzii, zzzzii. Baiskeli ya umeme haipigi kelele. Inanong'ona tu.

Njia ya msituni ni ya kila mtu. Wapo wanaotembea. Wapo wanaokimbia. Wapo mbuzi.

Kring, kring, ikalia kengele. Watu wakasogea.

Gurudumu likaruka mzizi. Pu! Kengele ikang'oka. Ting, ting, ting. Ikapotelea kwenye majani.

"Iache," akasema Anti Kavata. "Tutachelewa."

Zzzzii, zzzzii.

Mbele yao alitembea mama mmoja na trei ya mayai. Hakusikia kitu. Anti Kavata akafunga breki nyuma yake kabisa.

Mama akaruka. Mayai yakaruka. Mayai yakarudi mahali pake. Bahati yao.

"Chombo gani hiki," akasema mama wa mayai, "kinanyemelea watu kama paka?" Akasimama katikati ya njia. Tuli.

"Excuse me, madam," akasema Anti Kavata.

Mama hakusogea.

"Tafadhali nipishe."

Wapi.

"Si unipishe, bana, nachelewa kazi."

"Chelewa," akasema mama wa mayai. "Njia si ya babako."

Ndanu akawaza. Kwa nyanya yake, hakuna anayeingia kimya kimya. Unabisha kwanza. Na njia hii ni ya watu wote, kama nyumba yao.

Akavuta pumzi.

"Hodi njiani, hodi! Tunapita polepole."

Mama wa mayai alikuwa amefungua mdomo agombe tena. Mdomo ukasema wenyewe: "Karibu."

Akashangaa. Halafu akacheka, akasogea pembeni.

"Mtoto ana adabu. Na wewe mkubwa, jifunze."

"Nimesikia, mama," akasema Anti Kavata, kwa sauti ndogo sana.

Zzzzii, zzzzii.

Wakawakuta wakimbiaji watatu. "Hodi njiani, hodi. Tunapita polepole."

"Karibu." "Karibu." "Karibu." Wala hawakuacha kukimbia.

Wakawakuta mbuzi. "Hodi njiani, hodi. Tunapita polepole."

"Karibuni," akasema mchungaji. "Ila hawa hawakusoma. Ngojeni niwaambie." Fyuuu, akapiga mluzi. Mbuzi wakapisha.

Hatimaye, maktaba hii hapa. Saa ya ukutani ilibakiza dakika mbili kufika saa mbili.

Anti Kavata akajifuta vumbi. Akagonga mlango. "Hodi."

"Karibu, Kavata," ikajibu sauti ya ndani. "Umewahi."

Jioni, mama wa mayai alikuwa njiani akiwangoja. Mkononi alikuwa na kengele.

"Nimewaokotea. Fungeni vizuri."

"Asante, mama," akasema Anti Kavata. "Ndanu, kesho tutapiga kengele."

"Tutapiga," akasema Ndanu. "Halafu tutabisha hodi."

Usiku, baiskeli ilichomekwa kwenye umeme, inywe moto wa kesho. Taa yake ndogo ikawaka nyekundu.

Anti Kavata akamfunika Ndanu blanketi. "Kesho saa ngapi, dereva?"

"Mapema," akasema Ndanu.

Usingizi ukaja polepole. Ukabisha hodi machoni pake.

"Kari..." akasema Ndanu.

Usingizi haukungoja amalize. Ukaingia.