Alama ya Namba Sabini na Nne

Foleni ya kamba wa mtoni ilikuwa imezunguka duka la Robichaux mpaka kwenye kituo cha mafuta, maana ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima na mjini Bellerive hakuna aliyegusa nyama siku hiyo. Royce Fontenot alikuwa amesimama humo saa nzima. Alikuwa pande la mtu, mabega yake yangejaza mlango, na njaa aliyokuwa nayo ililingana na umbo lake. Alipobakiwa na mtu mmoja tu mbele yake, muuzaji alitangaza kwamba limebaki fungu la mwisho, pamoja na viazi na mahindi yake. Yule wa mbele akalichukua.

Alikuwa mwanamke wa gauni la manjano na buti za mpira, penseli kaichomeka kwenye nywele. Aligeuka akamtazama Royce kuanzia viatu kwenda juu, safari iliyomchukua muda.

"Nikikuacha na njaa utaanguka hapa, na sioni wa kukubeba," alisema. "Njoo tule. Ila viazi ni vyangu."

"Na mahindi?"

"Mahindi tutagombania."

Walikula kwenye meza iliyotandikwa magazeti, vidole vyekundu kwa pilipili, machozi yakiwatoka wote wawili. Mwanamke akasema anaitwa Elodie Guidry, na kwamba gazeti ambalo Royce analimwagia mchuzi ndilo linalomlisha yeye.

"Unaandika nini?" Royce aliuliza.

"Michezo. Msimu ukianza, kila Jumatatu naitolea timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Saint-Aubin ripoti kama ya shule. Warushaji, walinzi, kila kundi na alama yake, kuanzia A mpaka F."

"Saint-Aubin wameniajiri wiki iliyopita. Nafundisha safu ya mbele, wale watano wanaomkinga mrusha mpira."

Elodie aliacha kutafuna. "Basi kula upesi uondoke," alisema, lakini mkono wake ulikuwa tayari unamsogezea kiazi.

Royce hakuondoka. Kufikia Mei mtaa mzima wa Elodie ulilijua gari lake, na Elodie, asiyependa mambo ya kujificha, alikwenda mwenyewe kumweleza mhariri wake, Bwana Mouton. Mzee huyo alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Pendaneni, nani kawazuia?" alisema. "Lakini siku neno lililotoka kwake litakapoingia gazetini, ukurasa wa Jumatatu si wako tena. Na mkioana ni hivyo hivyo. Mke hawezi kumpa mumewe alama."

Elodie alikubali. Tangu siku hiyo hakumuuliza Royce jambo lolote la timu, hata kama nani kaumia kidole.

Mechi ya ufunguzi ilichezwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba, dhidi ya chuo kidogo kutoka Texas. Saint-Aubin walishinda thelathini na nne kwa kumi, watu wakaimba mpaka sauti zikawakauka. Royce hakuimba. Mrusha mpira wake alikuwa ameangushwa mara nne, na kila mara aliinuka akiwatazama wale watano wa kumkinga kama mtu aliyeuziwa paa linalovuja.

Jumapili makocha walijifungia na video tangu asubuhi. Kila mchezaji hupewa alama ya kujumlisha au ya kutoa kwa kila hatua ya mchezo: ametimiza kazi yake au hakutimiza. Watu watano wa Royce walipata asilimia sitini na moja kwa jumla. Alimwonyesha Kocha Mkuu Hebert peke yake, akaitia karatasi mkobani, akaenda kwa Elodie kula gumbo, mchuzi mzito wa samaki na bamia. Shibe ilimwangusha kwenye kochi, mkoba miguuni pake, akalala mpaka jua likatua.

Jumatatu alifungua gazeti akiwa na kahawa mkononi. Ulinzi, A. Timu kwa jumla, B. "Safu ya mbele: D. Kwa hesabu yangu wametimiza kazi yao kwa asilimia sitini na moja."

Kahawa aliiweka chini. Alipiga simu.

"Mkubwa wangu," Elodie aliitika, "leo umeamka kabla ya jogoo?"

"Sitini na moja umeitoa wapi?"

"Jukwaani. Nilihesabu."

"Elodie, namba hiyo tunaijua watu wawili, mimi na Hebert. Na mkoba wangu jana ulikuwa kwako."

"Sema unachotaka kusema," Elodie alisema.

"Ulipoufungua, nilikuwa nakoroma?"

"Umesoma mpaka mwisho, Royce?"

"Nimesoma ya kunitosha."

"Basi mpigie Mouton umwambie. Akikuamini, kesho sina ukurasa. Namba yake unayo."

Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo lilimwogopesha Royce kuliko kelele. Simu ikakatika. Hakumpigia Mouton, wala hakumpigia Elodie. Alimpenda na alikuwa na hasira naye, na siku nzima hakujua atangulize lipi.

Jumanne asubuhi aliwakuta vijana wake wamebandika ukurasa ule kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Comeaux, jitu la mwaka wa nne anayecheza katikati ya safu, alikuwa anausoma kwa sauti.

"D tumeitafuta wenyewe, Kocha," alisema. "Ila huyu dada ana macho. Sikiliza hapa mwisho: 'Aliyefaulu ni namba 74 peke yake. Katika robo ya tatu alimwacha mpinzani wake mara tatu akamzuia mwingine, kwa sababu jirani yake alimgonga nyonga.' Jirani ni mimi. Nikimgonga hivyo, maana yake tubadilishane watu."

"Nani kawafundisha hilo?"

"Hakuna. Tulilianzisha wenyewe Agosti. Tukasahau kukwambia."

Royce alirudi ofisini karibu mbio. Kwenye karatasi yake namba 74 alikuwa wa mwisho kabisa, ametolewa alama mara zote tatu kwa kumwacha mtu wake. Akaitazama video iliyopigwa kutoka juu. Mkono wa Comeaux ulionekana, wa haraka kama wa mtu anayefukuza nzi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Elodie alikuwa amempandisha namba 74 na kuwashusha wengine, na jumla zao mbili zikakutana kwa bahati tu. Angenakili karatasi ya Royce, angenakili na kosa lake. Royce alikaa pale akiwa na aibu mpaka masikioni.

Kila Jumanne mchana Hebert hula na waandishi katika ukumbi wa mkahawa mmoja karibu na uwanja. Siku hiyo Royce alimfuata. Elodie alikuwa meza ya mbele, suti ya buluu, nywele kazibana, na hakuinua macho. Mwandishi mmoja alipouliza kuhusu ile D, Hebert alicheka akamnyooshea kidole Royce.

"Ni ya haki," Royce alisema. "Ila mimi namba 74 nilimpa alama mbaya kuliko wote. Nilikosea. Aliyekaa jukwaani aliona kuliko mimi niliyelipwa kuona."

Elodie aliandika maneno hayo kama walivyoyaandika wenzake. Baadaye alimngoja Royce kwenye maegesho, mikono kifuani.

"Mbele za watu umesema vizuri. Sasa sema hapa, pasipo na anayeandika."

"Nilikuita mwizi kwenye simu, chakula chako kikiwa bado tumboni mwangu. Nisamehe, Elodie."

"Baba yangu alifundisha safu ya mbele sekondari miaka ishirini na sita. Tangu nina miaka tisa nilikaa naye nikimhesabia. Ungeniuliza tu nimehesabuje, ningekuonyesha daftari." Aliishusha mikono. "Umeniumiza sana. Tangu jana sijala."

"Hata mimi."

"Wewe? Usinidanganye."

"Nimekula," Royce alikiri. "Lakini sikusikia ladha."

Elodie aliuma mdomo asicheke, akashindwa. Royce alimshika mkono.

"Kuna jambo nataka kukuuliza tangu Agosti. Nimelizuia kwa sababu najua litakugharimu ukurasa wako, na jana nusura nikupokonye kwa uongo. Kwa hiyo nitasubiri. Msimu uishe, au hata miaka miwili, wewe ndiye utakaye..."

"Unaongea sana," Elodie alisema. Alikwisha toa simu.

"Bwana Mouton? Tafuta mtu wa ripoti ya Jumatatu. Hapana, sijaharibu, hesabu zile zilikuwa zangu. Mimi nipe mechi za sekondari za Ijumaa, nazitamani tangu baba alipostaafu." Alisikiliza kidogo, macho yake kwa Royce. "Sababu? Naolewa. Ndiyo, huyo huyo. Yuko hapa mbele yangu, anatafuta maneno ya kuniuliza."