Taa ya Namba Arobaini na Moja

Jumapili ile ya Novemba, Voirrey Kermeen alikunywa chai yake, akavaa koti la mvua, akaenda kuutazama ubao wa matokeo kabla haujabomolewa. Alikuwa na miaka sabini na minane. Kitabu chake cha historia ya mbio za pikipiki za ridhaa za Kisiwa cha Man kilikuwa kinakwenda kiwandani kuchapwa kesho yake, na ndani yake mlikuwa na sentensi moja iliyomnyima raha.

Ilimhusu yeye. Mwaka 1967 mchumba wake Finlo Corkish, fundi bomba wa mji wa Peel, alishindana kwa namba arobaini na moja. Voirrey aliahidi kumsubiri uzioni, penye mstari wa mwisho. Kila mwendeshaji alikuwa na taa yake ubaoni. Ikiwaka, jamaa zake walijua amebakiza maili moja. Ya Finlo iliwaka. Lakini Finlo hakufika; alikutwa chini ya ukuta wa kando ya barabara, amekufa. Kitabuni Voirrey aliandika kwamba mchumba wa Finlo alimsubiri uzioni mpaka mwisho. Uongo mtupu. Baridi ilimshinda mapema, akaenda zake kwa shangazi kuota moto.

"Ukimaliza nigongee dirisha, Bi Voirrey," alisema Skillicorn, mlinzi wa pale, akimfungulia lango. "Na usihangaike na swichi. Umeme tulikata mwaka juzi."

"Nihangaike nazo ya nini? Mimi fundi umeme?"

Akakaa jukwaani peke yake, kati ya mamia ya viti vitupu. Mvua ikaanza. Upweke alikuwa ameuzoea. Alikula nao, akalala nao.

Taa ya arobaini na moja ikawaka.

Alifikicha macho. Bado inawaka. Akateremka hadi uzioni. Injini ikasikika kwa mbali. Ikakaribia. Ikanyamaza mbele yake. Barabara ilikuwa tupu, ila harufu ya mafuta ya moto ilimjaa puani.

"Samahani, bibi," sauti ya kijana ilinong'ona, karibu mno. "Hujamwona msichana hapa? Ana koti la kijani. Alisema atanisubiri."

Voirrey alishika uzio.

"Finlo. Ni mimi."

Kisha kicheko kidogo, cha adabu.

"Usinitanie, bibi yangu. Voirrey ana miaka ishirini. Labda amechelewa tu. Ngoja nizunguke tena."

Injini ikanguruma. Voirrey alinyoosha mkono, akaambulia mvua.

Skillicorn alimkuta ameng'ang'ania uzio, analia bila sauti.

"Twende ndani, utaugua."

"Nenda wewe," alinong'ona. "Safari hii nasubiri."

Mlinzi alimvika koti lake, na hapo ndipo alipoiangalia barabara. Kote ilikuwa imelowa, maji yanatiririka, isipokuwa mstari mmoja mwembamba, upana wa tairi, ulioanzia uzioni na kuteremka mlima mpaka kwenye ukungu. Ulikuwa mkavu. Mvua ilinyesha juu yake hadi Jumatatu asubuhi, na haukulowa.