Kadi ya Homa ya Manjano

"Sameer, kengele imelia! Wachana naye!"

Sauti ya kocha Kamau ilichelewa. Teke la Sameer lilikuwa limeshatua kwenye mbavu za Afrah. Afrah akapiga magoti katikati ya ulingo, kinga ya meno ikamtoka mdomoni pamoja na damu.

"Nisamehe mpenzi, wallahi mguu umeteleza," Sameer alisema huku akimwinamia.

"Mguu unateleza ukipanda juu?" Kamau alifoka. "Imebaki siku nane asafiri, unampiga hivyo?"

Ukumbi wao wa mazoezi uko Changamwe. Afrah, binti wa Jomvu Kuu, alikuwa amealikwa Bangkok, Thailand, kupigana ndondi za Kithai, zile za ngumi, mateke, magoti na viwiko. Hakuwa amewahi kutoka nje ya Kenya. Waandaaji waligharamia watu wawili: bondia na msaidizi wake wa ulingoni. Afrah alimchagua Kamau, hakumchagua Sameer, mchumba wake aliyemfunza teke la kwanza. Siku ile Sameer alicheka, akasema, "Si neno, mpenzi."

Picha za hospitali zilionyesha mbavu hazikuvunjika. Daktari akamwambia, "Siku tano usipigane, usibebe mzigo, na ukiweza usicheke."

Wiki nzima Sameer alikuja kumkanda kwa maji ya moto. Alhamisi jioni, sanduku likiwa wazi kitandani, Kamau alipiga simu.

"Tuhakikishe. Pasipoti?"

"Ninayo."

"Tiketi ya kurudi? Barua ya hoteli?"

"Nimechapisha zote. Fomu ya kuingia nchini nimeijaza kwa simu."

"Kadi ya chanjo ya homa ya manjano?"

Afrah alifungua pasipoti, akaikung'uta. Akapekua sanduku, mkoba, hata chini ya godoro.

"Kocha... niliiweka humu humu ndani ya pasipoti."

"Itafute! Bila hiyo hawatakuruhusu kupanda ndege. Kesho ni sikukuu, ofisi zimefungwa, nakala hatupati. Na ndege ni Jumamosi asubuhi!"

Simu ikakatika. Sameer, aliyekuwa ameketi kando, akamshika bega.

"Labda Mungu hataki uende, Afrah. Mwachie Cindy. Yeye ni wa akiba, hati zake ziko tayari. Wewe tulia, tufunge ndoa."

"Niache nitafute, Sameer."

"Haya. Naenda kuswali, narudi."

Hazikupita dakika kumi, hodi ikapigwa. Alikuwa Cindy, bondia mwenzake, ameshika kadi ya njano.

"Umeitoa wapi?"

"Alinipa niichome."

"Nani?"

"Sameer. Mimi na yeye... tuna miezi minne."

Ngumi ya Afrah ilimpata mdomoni. Cindy akaegemea mlango, damu ikimdondoka hadi kwenye blauzi. Hakuinua mkono.

"Piga tena, ni haki yako. Lakini soma kwanza."

Alimpa simu. Ujumbe wa Sameer ulisema: *Mbavu zimekataa kuvunjika. Choma hiyo kadi leo. Bangkok tunaenda mimi na wewe, niwe msaidizi wako, tukirudi nakuoa.*

Afrah aliusoma mara mbili. Akamrudishia simu.

"Kwa nini umeniletea?"

"Nilitaka nafasi yako, sikudanganyi. Na mtu wako nilimtaka. Lakini nilikuona ukitema damu, Afrah. Tangu siku ile chakula hakipiti."

Mlango ukasukumwa. Sameer akamwona Cindy, akaiona kadi.

"Mbwa wewe!" Kofi lake lilimtupa Cindy ukutani. Kisha akamkamata Afrah kifundo cha mkono, akakipinda. "Nipe hiyo kadi!"

"Ulitaka kunivunja mbavu?"

"Nimekufunza mimi! Mateke yote hayo ni yangu! Halafu unakwenda na Kamau, mimi nibaki nikutazame kwenye simu?"

"Ungeniambia, Sameer! Ungesema umeumia!"

"Lete!"

Afrah alimwingiza goti tumboni. Sameer alipoinama, kiwiko kikashuka kwenye taya. Alianguka juu ya meza, vikombe vikapasuka. Akainuka na mbuzi ya kukunia nazi iliyokuwa chini ya meza, meno ya chuma yakiwa mbele, akaitupa kichwani kwa Afrah. Afrah akainama, ikang'oa plasta ukutani. Maumivu ya mbavu yakamkata pumzi, lakini mguu wake ulikuwa umeshaondoka. Teke lilimpiga Sameer gotini. Akalia kama mtoto.

Bi Mishi, mamake Afrah, alitoka jikoni mbio na mchi. "Mwanangu! Kuna nini?"

"Abee mama, simama hapo. Amekwisha huyu."

Majirani wakajaa uani. Sameer, akiwa sakafuni, akanyoosha mkono.

"Afrah, nakupenda."

"Na mbavu zangu ulizipendea nini?"

Akavua pete ya uchumba, akaitupa kwenye vipande vya vikombe. Majirani walimbeba Sameer hadi kituo cha polisi. Afrah na Cindy wakaandikisha taarifa, wamekaa benchi moja, kila mmoja na barafu yake.

Jumamosi asubuhi uwanja wa ndege ulikuwa na foleni ndefu. Karani alizipitia hati za Afrah moja moja, akairudisha kadi ya njano, akampa pasi ya kupandia ndege. Alipogeuka kumuaga mamake, Afrah alimwona Cindy nyuma ya kizuizi, mdomo ungali umevimba.

"Umefuata nini huku?"

"Kukwambia kitu. Ukirudi, nataka tupigane. Mimi na wewe, mbele ya watu, na refa."

Kamau alikuwa anaita.

"Sijakusamehe, Cindy."

"Najua."

"Basi fanya mazoezi," Afrah akasema, akaliburuta sanduku lake. "Nitakuumiza."